Gari la Kukodi: Madaraja Yake na Namna Bei Inavyopangwa

Msimu wa harusi ukikaribia, kuna swali ambalo sisi wa kitengo cha habari huulizwa na wakaazi kuanzia Ukunda hadi Lunga Lunga, japo hatuuzi wala hatukodishi magari. Kwa nini jirani anakodisha Vitz yake kwa shilingi 3,000 kwa siku, na kampuni iliyo na afisi kando ya barabara ya Diani inataka 5,000 kwa gari ambalo kwa macho halina tofauti yoyote? Je, hiyo 2,000 ya ziada ni wizi?

Wakati mwingine ni wizi. Mara nyingi si wizi, bali ni vitu ambavyo jirani hajavilipia, na ambavyo huenda ukavilipa wewe siku mambo yakiharibika. Somo la toleo hili linaeleza jinsi magari ya kukodi yanavyopangwa kwa madaraja na bei yake inavyojengwa, ili utakapotia saini ujue umenunua nini. Bei zote zilizotajwa humu ni za mfano wa hesabu tu, wala si bei za kampuni yoyote.

Unakodi daraja, si gari

Jambo la kwanza ndilo wengi hawalijui. Ukilipia gari mapema, kampuni nyingi hazikuahidi gari lile uliloliona kwenye picha. Zimekuahidi daraja. Ndiyo maana chini ya picha ya Mazda Demio utakuta maneno madogo yasemayo "au linalofanana nalo". Maneno hayo ndiyo mkataba wenyewe. Ukifika ukapewa Nissan Note au Honda Fit, kampuni imetimiza ahadi, kwa sababu yote matatu ni magari madogo ya watu wanne au watano, yenye buti ya kutosha mabegi mawili.

Sababu yake si ujanja. Kampuni yenye magari 20 haiwezi kujua leo ni Demio ipi itakayokuwa imerudi salama Ijumaa ijayo saa tatu asubuhi. Moja itachelewa Malindi, nyingine itakuwa gereji. Ikiuza daraja badala ya gari, ina nafasi ya kubadilisha bila kumwangusha mteja. Na ikiwa daraja lako limekwisha kabisa, desturi ya kampuni nzuri ni kukupa la juu yake bila kukuongeza bei. Kosa la kuuza zaidi ya ilichonacho ni lake, halipaswi kulipwa nawe.

Shida huja pale daraja lenyewe halikuelezwa. Hili lilinipata mimi mwenyewe. Tulikuwa tunapeleka posa Voi, wazee wanne, mashangazi wawili na bibi yetu, nami ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta gari. Nikalipia nusu ya pesa kwa kampuni ambayo sitaitaja, kwa kile walichokiita "gari la familia". Kichwani mwangu gari la familia ni Noah. Asubuhi ya safari nikaletewa Fielder. Nilipolalamika, kijana aliyeleta ufunguo akanionyesha risiti: imeandikwa "familia", na kwao Fielder ni gari la familia. Hakukosea. Mimi ndimi niliyelipia neno badala ya viti. Bibi na mashangazi walipanda matatu.

Herufi nne za kampuni kubwa

Kampuni za kimataifa zililitatua tatizo hili kwa herufi nne. Chama kinachosimamia mpango huo kinaitwa ACRISS, kilichoanzishwa Ulaya mwaka 1989 na kampuni kubwa zikiwemo Avis, Budget, Europcar na Hertz. Wazo lilikuwa kwamba wakala wa safari aliye London akiweka gari Mombasa, yeye, kampuni na msafiri wawe wanazungumza juu ya kitu kimoja. Ukiweka gari kwa intaneti kupitia kampuni hizo, utaziona herufi hizi kwenye karatasi yako, na inafaa ujue kuzisoma.

Herufi ya kwanza ni ukubwa na hadhi ya gari. M ni dogo kabisa, E ni gari dogo la bei nafuu, C ni dogo kiasi, I ni la kati, S ni la kawaida, F ni kubwa, P ni la hadhi ya juu na L ni la kifahari. Herufi ya pili ni umbo. D ni gari la milango minne au mitano, W ni stesheni wagoni, V ni gari la abiria wengi kama Noah au HiAce, na F ni SUV. Herufi ya tatu ni gia: M ni gia za mkono, A ni otomatiki, N ni gia za mkono zenye kuvuta magurudumu yote manne, na B ni otomatiki yenye kuvuta manne. Ya nne ni mafuta na kiyoyozi. R maana yake kuna kiyoyozi lakini aina ya mafuta haikutajwa, N hakuna kiyoyozi, D ni dizeli yenye kiyoyozi, na H ni haibridi yenye kiyoyozi.

Basi ukiona ECMR, hilo ni gari dogo la bei nafuu, la milango miwili au minne, la gia za mkono, lenye kiyoyozi. CDAR ni dogo kiasi, milango minne au mitano, otomatiki, kiyoyozi. IFAR ni SUV ya kati ya otomatiki. IFBR ni SUV ileile lakini sasa una uhakika kwamba inavuta magurudumu yote manne. Angalia tofauti ya herufi moja hiyo, A na B. Mtu anayetaka kwenda Kinango wakati wa mvua kisha akapewa X-Trail inayovuta mbele tu, alipaswa kuiangalia herufi ya tatu kabla ya kulipa.

Kule Ulaya herufi ya tatu hubadilisha bei sana, kwa kuwa magari mengi ya kukodi yalizoea kuwa ya gia za mkono na otomatiki ikawa anasa. Kwetu si hivyo. Magari yetu mengi madogo ni mitumba kutoka Japani na karibu yote ni otomatiki, kwa hivyo mtu asikutoze zaidi ati kwa sababu gari ni otomatiki.

Madaraja ya hapa kwetu

Kampuni nyingi za mitaani hazitumii herufi hizo. Zinatumia majina ya magari na mazoea. Chini kabisa kuna Vitz, Demio, Note na Passo. Juu yake yapo magari ya buti kama Axio na Premio, pamoja na stesheni wagoni kama Fielder. Yanafuata ya kuinuka kidogo kutoka ardhini, yaani RAV4, X-Trail, Forester, CX-5. Kisha Prado, na juu yake Land Cruiser kubwa. Kando yake kuna ukoo mwingine wa Noah, Voxy na Alphard, HiAce za harusi na matanga, pikapu za Hilux, na Land Cruiser za safari zenye paa la kuinuka kwa ajili ya kutazama wanyama.

Mambo manne humpandisha au kumshusha gari kati ya madaraja hayo: idadi ya viti, ukubwa wa injini, urefu wake kutoka ardhini na umri. La umri husomwa kwenye namba ya usajili. Gari la KD hukodishwa kwa bei ya juu kuliko la KB hata kama ni aina moja, na kwa sherehe watu huulizia namba kabla ya kuulizia breki. Huo ni ugonjwa wetu Wakenya. Kumbuka tu kwamba sheria huruhusu kuingiza nchini gari lililotumika hadi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo namba mpya ya Kenya huenda imekaa juu ya gari lenye miaka saba ya barabara za Osaka. Namba inakuambia limeingia lini, haikuambii limezaliwa lini.

Ukitoa oda kwa kampuni isiyotumia herufi, andika wewe mwenyewe kwenye ujumbe wa simu: viti vingapi, gia gani, linavuta magurudumu mangapi, kiyoyozi kipo au hakipo. Waombe wakujibu kwa maandishi. Hiyo ndiyo ACRISS ya mtu wa kawaida.

Bei inatoka wapi

Sasa tuje kwenye pesa. Tuseme mtu ananunua gari dogo kwa shilingi 1,200,000. Atalitumia kwa miaka minne kisha aliuze kwa 700,000. Amepoteza 500,000, yaani 125,000 kila mwaka, kwa kuchakaa na kushuka thamani pekee. Ongeza bima, sevisi, matairi, kifaa cha kufuatilia gari, kodi ya afisi, kibali cha biashara, kuosha na mshahara wa anayepokea simu. Tuseme vyote hivyo ni 200,000 kwa mwaka kwa gari moja. Jumla ni 325,000.

Kama gari hilo lingekodishwa kila siku ya mwaka, gharama ya siku moja ingekuwa kama shilingi 890. Lakini hakuna gari linalotoka kila siku. Likitoka siku 180, gharama ya kila siku inapanda hadi kama 1,800. Likitoka siku 120, ni kama 2,700. Gari ni lilelile, mafundi ni walewale, ila gharama ya siku imeongezeka mara tatu. Unapokodi gari Jumamosi unasaidia kulipia Jumanne zote lililolala chini ya mwembe.

Juu ya hapo kuna ushuru. Biashara yenye mauzo ya shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka inapaswa kusajiliwa kwa VAT, ambayo ni asilimia 16. Ile 2,700 inakuwa zaidi ya 3,100 kabla mwenye gari hajalipa riba ya mkopo wala kupata faida ya shilingi hata moja. Jirani mwenye Vitz moja halazimiki kusajiliwa kwa VAT, hana afisi, na huenda halipi bima inayotakiwa. Hapo ndipo sehemu kubwa ya ile tofauti ya 2,000 inapotoka.

Hesabu hiyo pia inaeleza kwa nini bei hupanda na kushuka kwa misimu. Huku Pwani watalii hujaa Desemba hadi mwanzo wa Januari, Pasaka, na kuanzia Julai wanapokuja pia kuwaona nyumbu Maasai Mara. Aprili na Mei mvua za masika huwafukuza. Magari huwa mengi yasiyo na kazi, na huo ndio wakati wa kujadiliana bei bila haya. Mwaka wa uchaguzi nao una msimu wake: kampeni zikipamba moto, magari makubwa huadimika.

Kisa kikubwa zaidi cha bei kufuata idadi ya magari kilitokea Marekani. Korona ilipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, kampuni ya Hertz iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Mei, na kampuni za kukodisha ziliuza magari kwa maelfu ili zipate pesa. Mwaka uliofuata watu wakarudi kusafiri ghafla, na viwanda havikuweza kutengeneza magari mapya ya kutosha kwa kukosa chipu za kielektroniki. Bei ikaruka. Huko Hawaii kuna watalii waliokodi malori ya kuhamisha vyombo vya nyumbani ili waende nayo ufuoni.

Siku ni saa 24

Siku ya gari la kukodi si siku ya kalenda. Huanza dakika unapokabidhiwa ufunguo. Ukilichukua Ijumaa saa nne asubuhi ukalirudisha Jumapili saa kumi jioni, umekaa nalo siku mbili na saa sita, na kampuni nyingi zitakuhesabia siku tatu. Baadhi huruhusu kuchelewa kwa saa moja, nyingine hutoza kila saa inayozidi. Uliza. Kwa safari ya Ijumaa hadi Jumapili, kulichukua gari mchana badala ya asubuhi kunaweza kukuokolea bei ya siku nzima.

Ukikodi kwa wiki au mwezi, bei ya siku hushuka, na sasa unajua sababu: gari halilali. Kwa siku tano au sita daima uliza bei ya wiki, kwa maana wakati mwingine siku saba ni rahisi kuliko tano. Kuchukua gari uwanja wa ndege na kulirudisha mji mwingine huongeza bei, kwa kuwa mtu lazima alipwe kulirejesha. Na kwa sisi wa Diani, bei ikitajwa kwa dola, omba itajwe kwa shilingi na iandikwe hivyo kwenye mkataba. Kiwango cha kubadilishia pesa hakipaswi kuamuliwa siku ya kurudisha gari.

Kilomita

Kutoza kwa umbali ni mtindo wa zamani. Husimuliwa kwamba Joe Saunders wa Omaha, Marekani, mwaka 1916 alikuwa akiazimisha gari lake la Ford Model T kwa senti 10 kwa kila maili, akiwa amefunga kifaa cha kupimia umbali kwenye gurudumu la mbele. Siku hizi bei ya siku huja na kikomo, na ndicho kinachowaumiza wengi.

Chukua mfano. Umekodi gari kwa siku tatu kwa 5,000 kila siku, kikomo ni kilomita 200 kwa siku, na kila kilomita inayozidi ni shilingi 25. Unakwenda Nairobi kwa mazishi na kurudi. Kutoka huku kwetu, kwenda na kurudi ni kama kilomita 1,000. Umeruhusiwa 600. Zilizozidi ni 400, ambazo ni shilingi 10,000. Bei uliyodhani ni 15,000 imekuwa 25,000 kabla ya mafuta. Kampuni nyingine iliyotaka 7,000 kwa siku bila kikomo ingekugharimu 21,000. Aliyeonekana ghali ndiye aliyekuwa rahisi. Kinyume chake, ukiwa unazunguka tu kati ya Ukunda na Msambweni kwa sherehe, hiyo isiyo na kikomo ni kujilipisha kitu usichokitumia.

Pigeni picha ya kipimo cha kilomita na cha mafuta mnapopewa gari na mnapolirudisha. Mafuta yenyewe utaratibu ulio wa haki zaidi ni kuchukua tanki likiwa limejaa na kulirudisha limejaa. Mkataba unaosema kampuni itajaza yenyewe kisha ikukate, uliza watakukata kwa bei gani kwa lita. Bei ya juu kabisa ya pampu hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, na hakuna sababu ya wewe kulipa mara mbili yake.

Bima, mahali penye hatari

Kama unasoma haraka, punguza mwendo hapa.

Sura ya 405 ya sheria za Kenya inalazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu, yaani ya yule utakayemgonga. Lakini bima huuzwa kulingana na matumizi. Bima ya gari la binafsi humlinda mwenye gari analotumia kwa shughuli zake, na kwa kawaida sera hizo husema wazi kwamba hazihusu gari linalokodishwa. Gari la kukodi huhitaji bima iliyoandikwa kwa biashara ya kukodisha, nayo ni ghali zaidi kwa sababu dereva hubadilika kila wiki.

Jirani wa Vitz ya 3,000 huenda ana bima ya binafsi. Ikiwa wewe ndiye uliyekuwa usukani na gari likapinduka, kampuni ya bima inayo sababu ya kukataa kulipa, na mwenye gari atakugeukia wewe. Kuna familia ambazo zimeuza shamba kwa ajili ya gari ambalo halikuwa lao. Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba kuona cheti cha bima na usome matumizi yaliyoandikwa. Vyeti siku hizi ni vya kidijitali, na programu ya simu ya Bima Yangu ya Chama cha Kampuni za Bima Kenya hukuwezesha kuhakikisha kama cheti ni halali. Umiliki wa gari nao unaweza kuuhakiki kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen. Anayekataa usivione amekwisha kukujibu.

Hata bima kamili inayofaa haifuti kila deni. Kuna sehemu ya hasara ambayo mkodishaji hujilipia mwenyewe kabla bima haijaingia. Mkataba ukisema sehemu hiyo ni shilingi 50,000, na umegonga nguzo ukaharibu vitu vya 300,000, wewe utalipa 50,000. Ukikwaruza mlango kwa 20,000, utalipa zote. Kampuni nyingine hukuuzia nafuu: unaongeza kiasi fulani kwa siku na sehemu hiyo inapunguzwa au kuondolewa. Kwa safari ndefu za usiku inaweza kukufaa. Kwa siku moja ya kwenda ukumbini na kurudi, pengine sivyo. Ila soma visivyohusika, kwani matairi, kioo cha mbele na sehemu ya chini ya gari mara nyingi huachwa nje, na hivyo ndivyo barabara zetu za changarawe hupenda kuvunja.

Mikataba mingi pia hutaja wapi gari haliruhusiwi kwenda. Daraja dogo mara nyingi hukatazwa barabara zisizo na lami, na mchanga wa ufuo hukatazwa kwa magari yote. Kuvuka mpaka Lunga Lunga kuingia Tanzania huhitaji idhini ya kampuni kwa maandishi, Kadi ya Njano ya COMESA kwa ajili ya bima, na karatasi za forodha. Usifike Horohoro ndipo uanze kuuliza.

Na dereva ni yule aliyeandikwa. Kampuni nyingi huweka umri wa chini kuwa 23 au 25 na hutaka leseni iliyokaa muda. Ukimpa binamu usukani kwa sababu umechoka Mtito Andei, na jina lake halipo kwenye mkataba, umeivunja bima kwa hiari yako. Kumwandikisha dereva wa pili hugharimu kidogo tu.

Amana, picha na malalamiko

Amana si bei, ni pesa zako zilizoshikwa. Kabla ya kulipa, ulizeni itarudishwa baada ya siku ngapi na kwa sababu zipi itakatwa. Lipeni kwa namba ya biashara ya kampuni, si kwa simu ya mtu binafsi, na mdai risiti ya eTIMS. Usiache kitambulisho chako asilia kama rehani. Nakala inatosha, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kampuni inawajibika kwa inachofanya na nakala hiyo. Lizungukeni gari mwangani mkirekodi video, pamoja na spea, jeki na ndani ya buti. Dakika tano zatosha. Mkwaruzo usioandikwa leo utakuwa wako kesho.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mtumiaji haki ya huduma za ubora unaofaa na ya habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Katiba hiyohiyo, katika Ratiba ya Nne, imeipa kaunti jukumu la vibali vya biashara na biashara ya haki. Kwa hiyo kampuni iliyo ndani ya kaunti inapaswa kuwa na kibali cha kaunti cha mwaka huu, na ukiomba kukiona hujamtusi mtu. Wanaohudumia watalii huhitaji pia leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Ukiwa na lalamiko, nenda kwa afisa wa biashara wa kaunti ndogo yako ukiwa na mkataba, risiti, ujumbe wa simu na picha. Lalamiko lisilo na karatasi ni gumu kulisaidia.

Nami nilifanya hivyo baada ya ile safari ya Voi, nikiwa na ujumbe wa simu niliokuwa nimewauliza, "Mnalo la watu saba?" nao wakajibu, "Lipo, usijali." Tofauti ya bei kati ya Fielder na Noah nilirudishiwa baada ya wiki tatu. Nauli ya matatu ya bibi na mashangazi sikurudishiwa, na mashangazi bado wananikumbusha.